Mwandika Bei

Mimi ndiye niliyeandika ile mia na sitini
mlangoni pa duka la Omari Bwanaheri:
unga, paketi ya kilo mbili, rangi nyekundu, kivuli cheusi.
Mwezi wa pili nikaifuta, nikaandika mia na tisini.
Wa nne, mia mbili na kumi.
Kila namba ilinipa chakula cha siku,
kisha ikaketi nami kukila.

Watu wa Maweni huniita Fundi Namba.
Wakiniona na ngazi begani wanaguna:
"Haya, leo nini? Mafuta? Sukari?"
kana kwamba bei inachuruzika kutoka brashi yangu.
Mtoto mmoja alinitupia ganda la chungwa.
Sikumlaumu. Mamake alishika mia,
na ubao, kwa mwandiko wangu mzuri, ulisema mia na ishirini.

Nimezijua tabia zao.
Moja ni mlingoti tu, haina ufundi.
Tisa wanaipenda wenye maduka,
ili mtu ajidanganye hajafika mia.
Sifuri ndiyo rahisi kuchora,
na ndiyo inayouma.

Barabara ya ufukweni, kwa Waitaliano,
namba zimelala chali, hazimwogopi mtu.
Kikombe kimoja cha kahawa ni unga wangu wa siku tatu.
Nakichora, nachora na moshi wake, natabasamu,
maana wao hulipa siku ile ile
na maji baridi juu.

Kaka yangu Nyundo hupiga simu kutoka Garashi.
"Rudi. Huku mchicha haununuliwi, unachumwa.
Nyumba haina kodi. Muhogo hauna ubao."
Kweli. Namsikia kuku wake ndani ya simu,
kuku asiye na bei, anajitembelea.
Nanyamaza. Anadhani salio limekwisha.

Nimwambieje?
Mbeyu wangu ana selimundu.
Usiku ule wa Juni mifupa yake ilipowaka
nilimbeba mgongoni, nikihesabu taa za barabarani
kwa sauti, ili asilale,
na hospitali ikafika kwenye taa ya kumi na saba.
Garashi ningehesabu nini? Giza, na mto uliofurika.
Kumi na saba.
Katika mji huu mzima
hiyo ndiyo namba pekee isiyopanda.

Bi Zaituni wa mahamri alinikataza:
"Kumi yangu usiiguse. Ina miaka sita pale,
imekuwa kama mwanangu."
Nikalitazama hamri. Zamani lilijaza kiganja cha mwanamume;
sasa ni la kiganja cha mtoto, na ndani ni pumzi tupu.
Tukaangaliana.
Akanipa mawili, na mbaazi, hakunidai.
Nami nikaipaka kumi yake rangi upya,
bure, pembe zake zote.

Mwenye nyumba wangu hahitaji fundi.
Huandika kwa simu, saa tatu usiku,
herufi kavu, hazina hata kivuli.

Mwezi uliopita Omari aliniita:
"Futa zote. Nimechoka kukulipa kila wiki.
Andika: BEI ULIZA."
Herufi nane. Nilizichora polepole,
kama mtu anayechonga jeneza lake mwenyewe
na bado anataka mbao zikutane vizuri.

Na jana Hemraj, muuza rangi,
alinisimamisha mlangoni pake, macho chini.
Mkebe umepanda tena.
"Andika wewe," akasema, "mkono wako mzuri."
Nikafungua wangu wa zamani.
Chini kulibaki nyekundu, unene wa kidole.
Nikatia tapentaini, nikakoroga,
nikaiandika bei mpya
kwa rangi ya bei iliyopita.
Ilitosha.
Ilibaki hata ya nukta.